Mguu wa Kushoto

Hotuba kwa walezi wa vijana wa jumuiya yetu, Indianapolis

Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Walimu wa madrasa, walimu wa shule ya Jumapili, makocha wa mpira, viongozi wa kwaya, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie wajibu wa mlezi wa vijana. Aliyenipigia simu nadhani alitarajia kanuni kumi. Kanuni zipo, mmepewa kwenye karatasi, na nikianza kuwasomea hapa mtasinzia kabla ya pilau. Mimi nitawapa habari ya kitu kinachonila pesa na usingizi kila kiangazi, na kosa nililolifanya nikiwa ndani yake kwa miguu yote miwili.

Kitu chenyewe ni zile bendi za vijana za dramu na tarumbeta. Wenyewe wanaziita "drum corps", na neno hilo la mwisho linaandikwa kwa herufi tano ila ukilisikia likitamkwa ni "koo" tu. Siku mwanangu aliponiambia, "Mama, nataka kuingia koo," nilimwuliza: ukoo gani tena, wa baba yako haujakutosha? Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye nikaja kuona kwamba sikukosea sana. Basi leo niruhusuni niziite koo, mmoja wao ukoo.

Kwa asiyezijua: ukoo mkubwa una vijana 150 na zaidi. Kuna wapiga ala za shaba, wapiga dramu, na wale wa bendera wanaorusha fimbo na bunduki za mbao hewani na kuzidaka bila kuzitazama. Filimbi hamna, saksafoni hamna. Umri wa mwisho ni miaka 21, na ukishapita hakuna rufaa. Usiku wa mwisho wa msimu utaona majitu yenye ndevu yakilia kama yameachishwa ziwa. Kuanzia mwishoni mwa Juni wanazunguka nchi kwa mabasi, wanashindana mji hadi mji, mpaka Jumamosi ya fainali mwezi Agosti. Na fainali iko hapa hapa kwetu, uwanja wa Lucas Oil, tangu 2009. Wengi wenu mnaijua kwa foleni ya magari tu.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Bibi yangu wa Tanga alikuwa Arinoti, chama cha ngoma ya beni, mpaka anaingia kaburini. Wazee mliopo mnajua ninachokisema. Beni ilikuwa hii hii: sare, goma, tarumbeta, gwaride la mistari iliyonyooka, watu wa kawaida wamejipa vyeo vya kijeshi, na juu ya yote, mashindano. Mombasa walikuwa Kingi na Skochi, Tanga na Dar es Salaam Marini na Arinoti. Ng'ombe walichinjwa ili tu upande wa pili uone haya, madeni yakaingiwa, ndugu wakanuniana. Ukimtajia bibi jina la Marini alikuwa anabadilisha mazungumzo, na alikuwa mtu mpole. Hata asili zinafanana. Huku koo zilikuzwa na vyama vya askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na huko kwetu vita vile vile viliibeba beni kutoka pwani mpaka bara, mabegani mwa askari na wapagazi. Mwaka 1972 koo za hapa zikawa na ubingwa wao wenyewe chini ya chama chao, DCI. Wa kwanza ulifanyika Whitewater, Wisconsin, wakachukua Anaheim Kingsmen wa California.

Kwa hiyo nilipoingia uwanjani mara ya kwanza na mwanangu, nilihisi niko kwetu. Mtu wa kiti cha jirani alinieleza kwa nusu saa nzima kwa nini hawapendi ukoo wa Blue Devils, ambao wana mataji 21 na ndiyo sababu yenyewe ya kutowapenda. Huyo ni Arinoti, nikasema moyoni. Nikawa shabiki. Naweza kukwambia bila kufungua simu kwamba alama za juu kuliko zote ni 99.650, za Blue Devils hao hao mwaka 2014. Mwanangu aliacha kupiga tarumbeta, akaenda chuo kusomea mambo ya kompyuta. Mimi ndiye niliyebaki.

Kiangazi kimoja nikajitolea jikoni. Kila ukoo una lori refu lililogeuzwa jiko, na wazazi na mashabiki hupeana zamu ya wiki moja moja. Sitautaja ukoo niliokuwa nao, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu. Mimi nimepikia harusi Tanga, najua sufuria ya kuchanganywa kwa mwiko wa mikono miwili. Lakini harusi ni siku moja. Pale ni watu zaidi ya 200, milo minne kwa siku, wa nne usiku wa manane baada ya onyesho, kisha unafunga jiko, lori linaondoka, unasinzia garini, alfajiri uko jimbo jingine unavunja mayai. Watoto wanalala kwenye mabasi usiku, wakifika wanamalizia usingizi sakafuni, kwenye ukumbi wa michezo wa shule fulani. Saa mbili asubuhi wako juani. Kila mmoja na dumu lake la maji la lita karibu nne, na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, imeunganishwa na spika inapiga tok, tok, tok, kutwa nzima. Mpaka leo nikikatakata vitunguu mkono unafuata mwendo ule.

Niwaonyeshe jinsi wanavyofanya kazi, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka. Uwanja wao una mistari iliyochorwa kila yadi tano. Kati ya mstari na mstari wanatembea hatua nane, zote sawa, kila moja ya sentimeta 57. Kila mtoto ana kidaftari, na ndani yake kuna orodha ya mahali anapotakiwa kusimama: hatua mbili na nusu nje ya mstari huu, hatua tatu mbele ya alama ile. Mahali kama hapo panaweza kufika mia katika onyesho la dakika kumi na kitu, na kati ya pahala na pahala anakimbia, mara nyingine kinyumenyume, huku anapuliza. Wote wanaanza na mguu wa kushoto. Umbo likikamilika linapendeza kama mkeka wa ukindu. Lakini mmoja akikosekana, pale alipokuwa panabaki wazi, na wao wanapaita shimo. Hakuna wa akiba kwenye benchi kama mpira. Shimo linaonekana mpaka jukwaa la juu kabisa, na majaji ndiko wanakokaa.

Majaji nao wana mizani ya kichawi. Alama ni 100: arobaini za mvuto wa onyesho zima, thelathini za muziki, thelathini za kinachoonekana. Halafu wanazikata mpaka vipande ambavyo hata mwuza dhahabu angekataa kupima. Mwaka 2008 fainali ilikuwa Bloomington, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa. Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walipata 98.125, Blue Devils 98.100. Ubingwa wa dunia kwa alama 0.025. Mimi niliisimulia hadithi hiyo kwa watoto wale jikoni, kwa madoido yote, nikiwapa moyo. Kila mmoja anaweza kuwa hiyo 0.025, niliwaambia. Nilijiona nasema maneno mazuri.

Siku ya tatu ya zamu yangu, usiku, wamemaliza kula, nafuta meza. Akaja kijana wa miaka 17 mlangoni mwa lori, akaomba barafu. Nikamwuliza ya nini, akasema ya dumu lake. Dumu hakuwa nalo. Nikamwambia kaa hapo kwenye ngazi, vua kiatu. Alivua polepole, akatazama pembeni. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba kama andazi lililozidi hamira, na chini ya ngozi kulikuwa na rangi ya zambarau inayoelekea vidoleni.

"Mama," akaniambia, maana wote pale walishazoea kuniita hivyo, "tafadhali usimwambie mtu. Wakijua wataniweka pembeni. Patakuwa na shimo."

Nilimwahidi. Nilimfunga barafu kwa kitambaa cha jikoni, nikamkanda, nikamletea kipande cha mkate wa ndizi nilichokuwa nimejifichia mwenyewe. Akanikumbatia. Na mimi, ndugu zangu, nililala usiku ule nikijisikia mlezi bora kuliko wote waliomo kwenye msafara. Wakufunzi wana fimbo na spika, nilisema, mimi nina moyo wa mtoto. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Ikawa siri yetu. Nilikuwa nampa ishara kwa mbali kama wapenzi.

Siku ya nne ya siri ile niko nje namenya viazi. Metronomu inapiga. Walikuwa wakirudi nyuma kwa kasi, na mguu ule ukamkatalia. Alianguka, na mwenzake wa nyuma aliyebeba tuba begani hakumwona, akamwangukia na shaba yake yote. Metronomu iliendelea kupiga kama mara ishirini kabla mtu hajakumbuka kuizima.

Mfupa ulivunjika. Daktari alisema ufa unaelekea ulikuwepo tangu mwanzo, na kama angepumzika wiki mbili tatu pengine angerudi uwanjani kabla ya fainali. Jioni yule dada anayewahudumia kwa majeraha alitukusanya watu wazima wote, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Nani alijua?" Niliinua mkono. Sijawahi kuinua kitu kizito vile, na nimeinua masufuria.

Mama yake alikuja kwa ndege asubuhi. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Alikuambia siku gani?" Nikamtajia. Akazihesabu siku kwa vidole mbele yangu, kimoja kimoja, halafu akaenda kukusanya nguo za mwanawe.

Sasa mtu ataniambia, mguu ni mguu, umepona, kuna makubwa kuliko hayo. Ni kweli, na ndiyo maana nimeanza na mguu. Mtoto aliniletea jambo dogo akapima: huyu mtu mzima akipewa siri anafanya nini? Na jibu nililompa ni kwamba katika ukoo huu, na hata jikoni kwa Mama, siri hutunzwa ili onyesho lisiharibike. Kesho yake akipatwa na jambo kubwa angeliongeza kwenye fungu lile lile.

Makubwa yapo. Kulikuwa na ukoo unaitwa The Cadets, ulioanzishwa Garfield, New Jersey, mwaka 1934, chini ya parokia. Mataji 10 ya DCI. Watu walikuwa wakisimama wima wanapoingia uwanjani kabla hata hawajapuliza. Mwaka 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer lilichapisha tuhuma za wanawake tisa dhidi ya mkurugenzi aliyeuongoza kwa zaidi ya miaka 30, kwamba aliwadhalilisha kingono, baadhi yao tangu miaka ya 1980. Akajiuzulu. Bodi ikafuata. Ukajikongoja, na mwanzoni mwa 2024 ukatangaza kufunga na kufilisika, mezani kukiwa na kesi ya madai ya unyanyasaji wa zamani. Miaka 90 ikaishia ofisini kwa wanasheria.

Mimi shabiki nilijua alama zao za miaka ishirini. Sikuwahi kujiuliza hata mara moja nani analala wapi kwenye safari zao, nani ana ufunguo wa chumba gani, na mtoto akitaka kumshtaki mkurugenzi anamshtaki kwa nani. Kwa nini nijiulize? Walikuwa wanashinda. Ukoo unaoshindwa kila mtu anaukagua. Anayeshinda anafunikwa na makofi. Waswahili tulishasema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini methali ile inamsema mgonjwa anayejificha mwenyewe. Haikumfikiria mtoto anayefichiwa maradhi na watu wazima wanaompigia makofi.

Na sisi hapa? Nitasema, na anayetaka kununa anune. Timu yetu ya vijana ilipochukua kikombe, nani aliuliza kwa nini wavulana wawili waliacha mazoezi? Kwaya ikialikwa Louisville, nani anajua binti gani anarudi kwenye gari la nani, na kama ndani ya gari wamo wawili tu? Mwalimu akimtumia mwanafunzi ujumbe saa tano usiku, hata wa heri, hata wa aya au mstari wa Biblia, kwa nini usipite kwenye kundi ambalo mzazi yumo? Najua jibu, nimelisikia kwenye ukumbi huu huu: "Tunamfahamu, ni mtu wetu." Hata yule mkurugenzi alikuwa mtu wao.

Halafu kuna lile neno letu tamu: tutayamaliza nyumbani. Wazee wangu, kwa ugomvi wa mahari, kwa deni, kwa wajukuu waliovunja kioo cha jirani, yamalizeni nyumbani, tutashukuru. Mtoto akiguswa au akipigwa, hapana. Na hapa Indiana sheria haimsemi mwalimu na daktari peke yao. Inasema mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa atoe taarifa mara moja, kwa polisi au kwa idara ya jimbo inayoshughulikia watoto. Kunyamaza ni kosa la jinai. Kumwambia mwenyekiti peke yake hakukutoi kwenye wajibu, samahani mwenyekiti. Wala huhitaji kuwa na uhakika. Kuchunguza si kazi yako, na ukijifanya mpelelezi utamhoji mtoto mara tano mpaka maneno yake yachuje.

Kwenye karatasi mliyopewa kuna mambo ya alama za vidole na kuchunguzwa rekodi ya polisi. Fanyeni, ni lazima, na hakuna wa kusema "mimi nina miaka 20 hapa". Lakini mjue kipimo kile kinamkamata aliyekwisha kukamatwa. Mimi ningepita bila doa.

Lililobaki ni gumu zaidi kwa sababu ni la ulimi. Mtoto atakuja, na mara nyingi hatachagua wakati mzuri. Atakuja unafunga jiko, unatafuta funguo za gari, dakika tano kabla ya onyesho. Atasema, "Nikikuambia, utaniahidi hutamwambia mtu?" Ulimi wako utataka kusema ndiyo, kwa sababu umechaguliwa wewe kati ya wote, na kuchaguliwa ni utamu. Mimi nimejifunza kusema hivi, na nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, msicheke: "Siwezi kukuahidi hilo. Ikiwa unaumia au unaumizwa, itabidi nimwambie mtu. Lakini nitakuambia kwanza ni nani, na nitakaa na wewe tunapomwambia."

Mnaogopa atanyamaza. Wengine hunyamaza, siku hiyo. Tangu wakati ule nimelisema mara sita kwa vijana tofauti. Wawili waliondoka. Mmoja kati ya hao wawili alirudi baada ya wiki mbili, akasimama mlangoni, akaanza katikati ya sentensi kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Nikirudi kwa yule wangu. Kiangazi kilichofuata alipita majaribio, akaingia tena. Mimi niliomba zamu jikoni, nikidhani watakataa. Walinikubalia, baada ya kunikalisha kwenye mafunzo ya saa nyingi ambayo safari hii sikusinzia. Siku ya pili, usiku, akaja kwenye ngazi ya lori na kiatu mkononi. Lilikuwa lengelenge tu kisiginoni, kubwa kama sarafu. Kabla sijafungua mdomo akainua kidole.

"Mama, nimeshamwonyesha dada wa majeraha. Nipe barafu."

Nikampa. Ahsanteni. Nanusa pilau, naona na vijana wa mlangoni wameshainusa.